Gari la Nyuma Liko Tupu

Aliyewahi kugombea daladala Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi anaujua uongo wa makonda. Gari limeshona, wewe umeshika bomba kwa mkono mmoja na mguu mmoja uko hewani. Konda anakugonga begani kwa kiganja kilichojaa sarafu: "Shuka, braza, la nyuma tupu." Unashuka. Gari linaondoka, linakuachia vumbi, na ukigeuza shingo huko nyuma huoni kitu isipokuwa bajaji.

Namkumbuka konda mmoja hasa, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza asiyenijua kuniita "braza" bila kuelekezwa. Siku hiyo kushushwa hakukuniuma hata kidogo. Nilisimama kituoni natabasamu peke yangu kama mwehu. Ila maneno yake ya "la nyuma tupu" nilikuja kuyasikia tena miaka kadhaa baadaye, ndani ya ukumbi wenye feni na maji ya chupa, yakisemwa kwa upole na watu wenye shahada. Hapo yaliniuma.

Nilizaliwa Temeke, mtoto wa pili kati ya wanne, nikapewa jina la bibi mzaa baba. Jina hilo sitaliandika hapa. Silichukii, ila si langu. Nilipofika darasa la tatu mtaa ulikuwa umeshanijua kabla sijajijua vizuri mwenyewe. Waliniita jike dume, wengine kwa utani, wengine kwa mawe. Watu siku hizi hupenda kusema "amebadili jinsia", na neno hilo hunichekesha, maana ni kana kwamba kuna asubuhi niliamka nikabadili kama mtu anavyobadili laini ya simu. Nilichobadili ni nguo, nywele na jina ninaloitikia. Sisi kwa sisi tunasema "transi" tu, na tunaendelea na mazungumzo mengine.

Kiswahili chenyewe kina huruma. "Amekuja", "amelala", "yeye", hakiulizi zaidi. Ningeweza kuishi mwaka mzima ndani ya vitenzi bila mtu kunisumbua. Tatizo huanzia kwenye heshima: shikamoo kaka au shikamoo dada, mjomba au shangazi, Bwana au Bibi juu ya barua. Kisha zinakuja fomu na vile visanduku vyake viwili, Me na Ke.

Fomu ndiyo iliyonitoa kazini. Mwaka 2017 nilikuwa mtunza stoo kwenye duka la jumla la vitenge Kariakoo. Niliingia kwa kujuana, kama wengi. Mtu alimwambia bosi kuna kijana mwaminifu, bosi akasema aje Jumatatu, na hakuna aliyeuliza karatasi. Kwa miezi kumi na minne nilihesabu marobota, nikapokea mizigo usiku, nikajua kitenge kipi kitaisha kwa wiki na kipi kitalala hadi Idi. Shilingi 280,000 kwa mwezi, mkononi. Kisha akaja mhasibu mpya, kijana mpole, akasema kila mfanyakazi lazima aandikishwe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Alikuwa anatutetea, nisimseme vibaya. Alitaka kitambulisho chochote chenye picha.

Nilisema kimepotea. Wiki iliyofuata nikasema kiko kwa mama. Mwishowe nikapeleka cha kupigia kura. Alikisoma, akaniangalia, akakisoma tena. Alinirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayekukabidhi sufuria ya moto.

Jioni bosi aliniita. Hakunitukana, hilo namshukuru. Alisema yeye binafsi hana neno, lakini wateja wake ni watu wazima, watu wa dini, na jambo kama hili likitoka nje sokoni atasemwa yeye. Kazi imeisha. Alinihesabia hela za siku nilizofanya, kisha akafungua robota akanipa kitenge, doti nzima. Nilikaa na kile kitenge mwaka mzima bila kujua alikusudia nini: zawadi, pole, au kunikumbusha.

Rafiki yangu mmoja alinipeleka Ilala kwa wakili aliyekuwa akisaidia watu bila malipo siku za Jumamosi. Ghorofa ya tatu, ngazi giza, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba. Nikamwamkia. Akauliza, "Nikuite nani, mwanangu?" Nikamtajia jina langu, hili ninalolitumia, naye akaliandika juu ya faili kwa wino. Mpaka siku ile hakuna mtu aliyekuwa ameliandika mahali popote.

Akafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7. Kilikuwa kwa Kiingereza, hivyo alikuwa ananitafsiria huku kidole chake kikishuka taratibu kwenye orodha ya mambo ambayo mwajiri hapaswi kumbagua mtu kwayo. Rangi. Utaifa. Kabila au mahali mtu atokako. Mbari. Asili ya taifa. Asili ya kijamii. Siasa au dini. Mnakumbuka matokeo ya darasa la saba yalivyokuwa yakibandikwa ukutani, unasukumana na wenzako, kidole kinashuka, moyo unapiga? Ndivyo nilivyokuwa nimeinama juu ya meza ile. Kidole kikafika kwenye jinsi. Kikafika kwenye jinsia. Ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia, ulemavu, Ukimwi, umri, hali ya maisha. Mwisho. Vipengele kumi na tano, na jina langu sikuliona.

Mama wakili akarudisha kidole juu. "Tazama hapa. Jinsi na jinsia, wameviandika vyote viwili. Kingekuwa kitu kimoja wangeandika mara moja. Bunge halimwagi wino bure." Alisema hapo anaweza kusimama akabishana: jinsi ni maumbile aliyozaliwa nayo mtu, jinsia ni namna jamii inavyomtaka avae, atembee, aitwe, na mtu aliyefukuzwa kwa sababu hatembei kama karatasi yake inavyosema, amefukuzwa kwa jinsia. Tena sheria inasema ukishaonyesha dalili za ubaguzi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakubagua. Nilianza kupata moto. Halafu akavua miwani.

"Siku thelathini unazo za kufungua lalamiko la kuachishwa. Lakini nikuambie na upande wa pili. Ataulizwa kwa nini alikuachisha, na atajibu. Jibu lake litaandikwa, na jina lako litakuwa pembeni yake."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi, ila alinieleza, maana alikuwa mtu wa kumaliza kazi. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile ambacho adhabu yake inafika kifungo cha maisha, kinazungumzia tendo, kujamiiana kinyume cha maumbile. Hakisemi kitu kuhusu suruali, wala sauti, wala jina. Kwenye kitabu mambo haya yako mbalimbali. Kijiweni yamekunjwa pamoja kama mkeka.

Basi tukafanya dogo. Aliandika barua ya ukurasa mmoja, haina neno jinsia hata moja, inadai malipo ya notisi ya siku 28 ambayo sheria inampa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Bosi alilipa ndani ya wiki. Kwa hela ile nilinunua kompyuta ya mtumba, betri imekufa, inakwenda kwa waya tu. Wapo wenzangu walionilaumu kwamba nilichukua vipande vya fedha nikaacha haki. Labda. Wao walikuwa na pa kulala.

Kompyuta hiyo ndiyo iliyonifanya mfasiri. Nilianza na vipeperushi vya afya, kisha kumbukumbu za vikao vya vyama vidogo vidogo, kwa ukurasa. Kazi nzuri kwa mtu anayetaka asionekane, na kuna wakati kutoonekana kulikuwa ndiyo riziki yenyewe. Mwishoni mwa Oktoba 2018, lilipotoka lile tangazo la kuunda kamati ya kuwasaka mashoga mkoani kwetu, sikutoka chumbani siku sita. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa taarifa kwamba yale yalikuwa maoni binafsi ya aliyeyatoa, si msimamo wa serikali. Tangazo la kwanza nililisikia likisomwa dukani, likisomwa kwenye bajaji, likisomwa na mtoto wa jirani. Taarifa ya pili niliisoma peke yangu.

Sasa nifike kwenye ukumbi.

Mwaka 2023 muungano wa vyama kadhaa hapa Dar uliamua kuandika mwongozo wa pamoja wa kupinga ubaguzi: kwanza uwabane wanachama wenyewe katika kuajiri na kutoa huduma, halafu uwe msingi wa mapendekezo ya kurekebisha sheria. Kulikuwa na watu wenye ulemavu, watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, wafanyakazi wa majumbani, vijana, na sisi tuliokuwa watatu tukikaa karibu na mlango. Mimi nilikuwa na kofia mbili, mwakilishi na mfasiri wa rasimu. Kwa sababu ya kofia ya pili nilipewa bahasha ya makabrasha nikaambiwa nitengeneze muhtasari wa yaliyotokea nchi nyingine. Nilisoma siku nne. Sijawahi kusoma kitu nikajiona niko kituo cha daladala waziwazi kama siku zile.

Marekani, mwaka 2007. Kulikuwa na muswada wa kuzuia ubaguzi kazini ambao watu walikuwa wakiupigania tangu 1994. Safari hiyo ulikuwa umewataja wote, mashoga, wasagaji na transi. Wakubwa bungeni wakapiga hesabu wakaona kura hazitoshi kama transi wamo. Mbunge Barney Frank wa Massachusetts, ambaye mwenyewe ni shoga na alikuwa mbele kwenye vita hivyo miaka mingi, akakubali muswada ukatwe, transi watolewe, wengine wapite. Mamia ya vyama nchi nzima yakaungana kupinga: ama wote ama basi. Haikusaidia. Tarehe 7 Novemba 2007 Baraza la Wawakilishi likaupitisha ule uliokatwa kwa kura 235 dhidi ya 184. Kisha? Kisha hakuna. Seneti haikuupitisha, ukafa. Yaani transi walishushwa, na gari lenyewe halikutoka stendi.

New York ndiyo iliyonikaa rohoni. Huko gari liliondoka kweli. Muswada wa jimbo wa kuzuia ubaguzi ulikuwa umewaacha transi nje, na Sylvia Rivera, mwanaharakati aliyekuwa kwenye mapambano hayo tangu enzi za Stonewall, zile ghasia za mwaka 1969 za mashoga na transi dhidi ya polisi, alikuwa akiwasihi viongozi wake wasifanye hivyo hata akiwa kitandani hospitalini. Alifariki Februari 2002. Desemba mwaka huohuo muswada ukapita bila watu wake. Waliambiwa wasubiri sheria yao. Ikapita Januari 2019. Nilichukua kalamu nikahesabu: zaidi ya miaka kumi na sita. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kwanza alikuwa kidato cha nne. Na si kwamba haikuwezekana kupanda pamoja, maana jimbo la Minnesota lilikuwa limewaweka wote kwenye sheria moja tangu 1993.

Na kuna Aimee Stephens wa Michigan, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya mazishi. Mwaka 2013 alimwandikia bosi wake barua kwamba tangu sasa atakuja kazini akiwa mwanamke, na akafukuzwa. Kesi ilipofika mahakamani, mawakili wake walisimama juu ya neno moja la sheria ya mwaka 1964, neno jinsi, hoja inayofanana na ile ya mama wakili wangu wa Ilala na kidole chake. Tarehe 15 Juni 2020 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilikubali, majaji sita dhidi ya watatu. Aimee alikuwa amefariki tarehe 12 Mei. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikaenda kununua mihogo.

Kikao kilikuwa Sinza, siku mbili. Kipengele cha kumi na moja cha rasimu kilisema "utambulisho wa kijinsia". Siku ya pili, baada ya chai, mwenyekiti akaomba kipengele hicho kiondolewe. Nitamtendea haki kwa kueleza hoja yake, kwa sababu haikuwa ya kijinga. Alisema: angalieni sheria za nchi hii zilivyokuja. Watu wenye virusi walipata sheria yao mwaka 2008. Watu wenye ulemavu walipata yao 2010. Hakuna aliyepata vyote siku moja, kila kundi lilisubiri zamu. Tukipeleka mapendekezo yenye neno hili, mtu atafungua ukurasa wa kwanza, ataona kipengele cha kumi na moja, atafunga, na mama mfanyakazi wa ndani anayepigwa na tajiri wake atakosa kwa sababu yetu. "Tupiteni kwanza. Tukishakuwa ndani tutarudi kuwachukua."

Mimi nikacheka. Si kicheko cha dharau, kilinitoka tu, kwa sauti, ukumbi ukageuka. Mwenyekiti akauliza nacheka nini. Nikasema, "Samahani mwenyekiti, nimemsikia konda." Baadhi walielewa papo hapo; mwanamke mmoja wa kundi la wafanyakazi wa majumbani, anayekuja mjini kila siku kutoka Chanika, alijishika mdomo.

Nikasoma muhtasari wangu. Nilisoma vibaya, kwa haraka, karatasi inatetemeka. Nilitaja 2007, nikataja miaka kumi na sita. Nikasema sheria ya virusi na sheria ya ulemavu zilikuja moja moja, kweli, lakini hakuna aliyeshushwa ili nyingine iondoke. Hilo ndilo pengo kwenye hoja ya mwenyekiti, na mpaka leo naamini nililiona sawasawa.

Kisha akaomba kusema mama mmoja wa kundi la wenye ulemavu, anayetembea kwa magongo. Sikuwa namfahamu. Alisema ofisi anayofanyia kazi ilijengwa akiwepo, akaomba mlangoni pawekwe mteremko, akaambiwa, "Mama subiri jengo liishe kwanza, mteremko ni kazi ya siku moja." Jengo likaisha mwaka 2009. "Nimezipanda zile ngazi mpaka leo asubuhi," akasema, akakaa.

Tulipiga kura kwa mikono. Tukashindwa, tisa kwa kumi na nne.

Kilichofuata sikukitarajia. Kijana mmoja mwanafunzi wa sheria, aliyepiga kura upande wa mwenyekiti, akanyoosha mkono tena. Alikuwa na Katiba kwenye simu. Akasoma ibara ya 12, ile isemayo kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, kisha ibara ya 13 inapoeleza maana ya kubagua: utaifa, kabila, dini, jinsia, "au hali yao ya maisha". Akapendekeza orodha yetu imalizie hivyohivyo, na hali nyingine yoyote ya maisha ya mtu. Neno la Katiba, nani atalifungia ukurasa? Likapita bila kupingwa. Wenzangu wawili walinyoosha mikono. Mimi sikunyoosha, nilikuwa nimenuna, na ninalijutia hilo kidogo, kwa sababu mwaka uliofuata kituo kimoja cha afya kilicho mwanachama wa muungano kilimrudisha kazini mhudumu transi kwa kutumia maneno hayohayo niliyoyanunia.

Lakini yule mhudumu alirudishwa kwa sababu msimamizi wake alitaka kumrudisha. Msimamizi mwingine angeuliza hali ya maisha ni nini, ni umaskini? Maneno mapana yanamhitaji msomaji mwema. Jina likitajwa, hata msomaji mbaya analazimika kuliruka kwa makusudi, na kila mtu anamwona akiruka.

Nilikuwa nikidhani kutajwa ndiyo mwisho wa safari. Jimbo la Iowa, hukohuko Marekani, liliwaingiza transi kwenye sheria yake ya haki za raia mwaka 2007. Mwaka 2025 likawatoa. Likafuta maneno, likatia saini, na mabadiliko yakaanza kutumika Julai. Kumbe mtu anaweza kushushwa hata akiwa amekaa kwenye kiti na nauli amelipa. Nilipomwambia shangazi yangu habari hiyo, akiwa anachambua mchele, alisema, "Basi shikeni bomba hata mkikaa."

Shangazi huyu anastahili aya yake. Ni mtu wa swala tano na wa mwaka mzima wa madrasa za wanawake, na hatukuongea kwa miaka minne. Aliporudi, alirudi kupitia kikoba. Wanawake kumi na wawili wa mtaa wao Temeke walikuwa wakiandika katiba ya kikundi, hawana mwandishi, akanitumia mtu. Nikaenda na kompyuta yangu ya waya. Tulipofika mahali pa kuingiza wanachama, mmoja akasema andika hatutabagua kwa kabila. Mwingine, na dini. Mwingine, ambaye mume wake alimwacha, na walioachika. Muuza chapati akasema, na wenye madeni mengine. Zikawa kelele. Shangazi akapiga meza: "Mnaorodhesha nini? Andika hatumbagui mtu kwa lolote. Halafu andika na hayo mliyoyasema, ili mtu asije akajifanya hakuelewa." Nilisimamisha vidole. Mwaka mzima nilikuwa nimesoma mabishano ya wanasheria juu ya jambo hili: orodha iliyofungwa au mlango ulio wazi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 27, imefanya kama alivyosema shangazi, imekataza ubaguzi kwa msingi wowote, ikiwemo huu na huu na huu. Shangazi hajawahi kuiona.

Hakutaja watu kama mimi, nami sikuuliza. Aliniwekea chai, akawaambia wenzake, "Mpeni huyu sukari, anatuandikia." Huyu. Nalo ni neno lisilouliza.

Kuna jambo moja sheria ya ubaguzi peke yake isingeniokoa nalo, na nimechelewa kulielewa. Mimi sikufukuzwa kwa sababu ya tabia, nilifukuzwa na kitambulisho changu mwenyewe. Kenya, Audrey Mbugua, mwanamke transi, alikuwa na vyeti vizuri vya mtihani ambavyo hakuweza kumwonyesha mwajiri yeyote, kwa sababu jina na alama ya jinsi vilimkana. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaamuru baraza la mitihani limpe cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsi. Hapa kwetu jina linabadilishika kwa hati ya kubadili jina. Nimefanya hivyo, na mama wakili ndiye aliyeniandalia, kaniambia faili langu bado analo. Zile herufi mbili zimebaki kama zilivyo. Kwa hiyo leo nina karatasi yenye jina la mwanamume na Ke pembeni, na kila dirisha ninapoikabidhi, naangalia kwanza uso wa aliyekaa nyuma ya kioo.

Mwongozo wa muungano unapitiwa upya Jumamosi ijayo. Tulikubaliana hivyo 2023: mimi nilipomaliza kununa niliomba kitu kimoja tu, kwamba kwenye kumbukumbu iandikwe tarehe ya kurudi kwenye kipengele cha kumi na moja, mwezi na mwaka, si "baadaye". Mwenyekiti aliandika. Mwaka huu ametupigia simu mwenyewe kutukumbusha, na hilo sikulitegemea. Safari hii tuko saba, na mama wa magongo amesema atakaa upande wetu wa ukumbi, tumwekee kiti karibu na mlango.

Jana nilikwenda kutoa nakala za muhtasari, nimeuandika upya, nimeongeza Iowa, nimepunguza hasira. Nakala ishirini na tano. Kijana wa steshenari alikuwa akizihesabu huku macho yamenasa kwenye ukurasa wa kwanza, midomo inacheza. Alipofika kwenye konda akacheka.

"Braza, hii umeandika wewe?"

Nikasema ndiyo. Akachukua kitabu cha risiti, akalamba kidole, akafungua karatasi ya kaboni.

"Niandike jina gani?"

Nikamtajia, akaniomba nirudie herufi ya mwisho.